Justa na Agizo Lililotenguliwa

"Acheni! Jamani, acheni kwanza, msibomoe!"

Justa alipiga kelele hata kabla hajashuka kwenye baiskeli. Ikamponyoka ikaanguka huko, wala hakuitazama. Pale Kwedimbogo paa la nyumba ya pili lilikuwa linateremka, nyasi zinadondoka mafungu mafungu. Nguzo na fito za nyumba ya kwanza zilishapangwa kando ya njia, zinasubiri lori la saa nane. Wenye nyumba wenyewe ndio waliokuwa wanabomoa, hata mgambo hakuwepo wa kuwasimamia.

Kakanyaga baiskeli maili kumi na moja kutoka ofisi ya tarafa, barua ya katibu tarafa kaipachika kifuani, habari inamwasha ulimi. Mwalimu wa miezi mitano, katoka chuoni Korogwe juzi tu, na leo kati ya watu wote yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuokoa nyumba za watu!

"Shikamoo, Bibi Hamisa. Agizo la kuhama limetenguliwa!"

Bibi Hamisa, mkubwa wa kitongoji kile, alikuwa amekalia kinu kilichopinduliwa, anasimamia kazi.

"Marahaba, mtani. Limefanywaje?"

"Limetenguliwa! Viwanja vya kule Kabuku barabarani havitoshi. Nyie mnabaki hapa hapa, kwenye nyumba zenu."

Bibi akainua uso kuwatazama wanaume waliokuwa juu ya paa. "Mnamsikia Mnyamwezi? Anasema agizo limetenguka, kama nyonga."

Kicheko kikapasuka. Moyo wa Justa ukashuka. Baba yake alikuja kutoka Tabora na mkataba wa mkonge, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani toka enzi za mababu. Mtani anaweza kulala ndani ya kaburi la mjomba wako, akagoma kutoka mpaka apewe kanga, na humgusi. Anaweza kukutangazia msiba wako mwenyewe wakati unakula. Nani amsadiki?

"Bibi, leo si utani. Limefutwa!"

"Kwani lilikuwa ubaoni, mwalimu?" Athuman, mtoto wa Bibi, akadakia kutoka juu. Panga likakata kamba, fito tano zikashuka kwa mpigo.

"Limebatilika!"

"Kama udhu? Basi serikali ikanawe tena!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na Justa, masikini, kila neno alilolitoa lilikuwa kama anamimina petroli. Serikali imeghairi! Kasi ikazidi. Imegeuza! Wazee waliokuwa wananusa ugoro pembeni wakainuka, wakaivamia nyumba ya tatu. Imebadili kauli, imerudi nyuma, imekula maneno yake! Wanawake nao wakaanza kufunga vyungu kwenye kanga, mbio mbio, kama watu walioona wingu la mvua.

Akaichomoa barua, akaipunga. "Haya, someni wenyewe! Muhuri huu hapa!"

"Muhuri?" Athuman akasema. "Mnyamwezi atakosa muhogo wa kuchongea muhuri?"

Hapo Justa akapandwa na hasira. Akakimbilia nyumba ya nne, akasimama mlangoni, akatanua mikono huku na huku. Hapa hapiti mtu! Basi hawakupita. Walipanda kwa nyuma, wakaifumua nyumba yeye akiwa ndani yake, vumbi na masizi vikimmwagikia kichwani, mpaka akabaki amesimama kwenye mlango usio na nyumba.

"Wallahi naapa!" alisema, na yeye ni Mkristo.

"Kasilimu!" wakashangilia.

Akalia. Akalia kweli, kwa kwikwi, kamasi zinamtoka, hajali.

"Mwoneni Mnyamwezi! Kaanza kulia na msiba haujatokea!"

Saa saba na nusu paa la tano, la mwisho, likashuka. Kuta zikabaki wazi, zinatazama mbingu. Justa akaketi vumbini, sauti imemkauka. Maneno yote aliyofundishwa chuoni kayatumia, hakuna hata moja lililozuia ufito mmoja. Akiwazia usiku utakaokuja, watoto na wazee wamelala nje, mvua za masika zinanyemelea, alitamani angezaliwa Mmasai, Mchaga, kabila lolote lile ambalo likisema kitu linasikilizwa.

Ndipo alipogundua kwamba hakuna anayecheka tena.

Wote walikuwa wamesimama, wamemzunguka. Athuman alikuwa ameinamisha kichwa, anachora ardhini kwa dole gumba la mguu. Mbali, upande wa Kwamsisi, lori lilinguruma likipanda mlima. Dereva wake alitoka alfajiri, kabla barua haijaandikwa.

Bibi Hamisa akaja taratibu, akachuchumaa mbele yake. Akamfuta masizi usoni kwa ncha ya kanga. Kisha akaichukua ile barua, akaikunja vizuri, akamrudishia mkononi kwa mikono miwili.

"Mwanangu," alisema, na kumbe sauti yake bila utani ilikuwa ndogo sana, "nimezika wajukuu wawili. Wote walinifia kwenye machela, katikati ya pori, tunakimbilia zahanati ya huko huko barabarani. Sasa serikali itamwambia nani abaki kwenye nyumba yake, na nyumba hakuna?"

Justa akageuka kuzitazama kuta. Bibi akamshika bega.

"Tulikuelewa tangu neno la kwanza. Katibu akikuuliza, usimfiche: ulisema, ukaapa, ukalia, na sisi tukadhani utani."