Maji Mdomoni

Kabla ya kwenda bombani Goreth alichota maji kikombe kimoja, akayajaza mdomoni, akafumba. Mashavu yakamvimba. Akabeba ndoo, akapita katikati ya wanawake wa Ilembo akiitikia salamu kwa kichwa.

"Vipi Mama Méthode, jino?" Skolastika akauliza.

Akaitikia kwa kichwa. Jino.

Halikuwa jino. Ilikuwa siri ya mtu, na ilikuwa inamwasha kama upupu.

Mtaani walimwita Redio. Habari ikiingia kwa Goreth asubuhi, jioni iko Majengo, kesho yake iko Katumba na imeshanenepa njiani. Hakuwa na roho mbaya. Aliogopa tu ukimya. Watu wakinyamaza mbele yake anaona kama wanataka kuondoka, basi anawarushia habari ya mtu kama unavyorushia kuku mahindi. Wanakuja, wanacheka. Wakirudi kwao kila mmoja anajiuliza: na mimi nikiwa sipo, ananisemaje?

Alimsema hata Skolastika, rafiki yake tangu usichana, kwamba mumewe kahamia kwa mwanamke wa Sitalike. Ilikuwa kweli. Ndiyo maana haikusameheka.

Sasa Goreth alikuwa mjane, mwanawe Méthode ameoa mbali, na jumuiya ya kanisani inayosali nyumba kwa nyumba ikifika kwa Goreth inaruka, kama pale pana shimo. Akajiapiza: siri moja. Nikiweza kutunza hata moja, na mimi nitakuwa mtu wa watu.

Na siri ikaja kwa miguu yake, mchana kweupe. Queen, binti wa jirani yake mzee Silvesta, fundi cherehani, alimkuta anapepeta mchele, akakaa bila kukaribishwa.

"Mama Méthode, nina mimba. Na siyo ya Lyamba."

Ungo nusura udondoke. Lyamba ndiye mchumba, mtu mzima mwenye mifugo yake kule Mpimbwe. Ng'ombe wa mahari walishafika kwa mzee Silvesta, na wengine alishawauza.

"Kwao wakisikia tu, harusi hakuna," Queen akasema. "Wanavunja siku hiyo hiyo. Kwa hiyo usimwambie mtu. Hasa shangazi yake Lyamba. Unamjua? Yule anayeuza dagaa sokoni, pale pale mlangoni ukiingia, mnene hivi."

"Namjua."

"Basi huyo ndiyo asisikie kabisa."

Goreth akaweka mkono kifuani. "Mwanangu, hilo limeshazikwa."

Queen akamwangalia. "Haya," akasema, akaondoka taratibu.

Ndipo yalipoanza mambo ya maji. Akitoka, anajaza mdomo. Sokoni akahama mlango, akawa anaingilia nyuma kwa wauza mkaa, hata dagaa wenyewe akaacha kula. Na mdomo ukiwa umejaa, masikio hayana kazi nyingine. Goreth alishangaa: kumbe watu wana mambo! Spès, mke wa jirani yao Egide, alimweleza anavyomlilia marehemu mama yake mpaka leo, akasikilizwa mpaka mwisho. Spès akakaa siku kadhaa anasubiri yale maneno yamrudie kutoka kwa watu. Hayakurudi. Akaja na mengine. Skolastika naye akaja kuomba chumvi, akakaa mpaka ugali ukaiva, wakala sahani moja.

Queen ndiye alikuwa anakonda. Kila akipata nafasi yuko mlangoni.

"Hujamwambia mtu kweli?"

"Hata mmoja."

"Hata kwa bahati mbaya? Hata mama Skolastika?"

"Hata paka."

"Na sokoni si ulienda?"

"Nilipita nyuma kabisa, kwa ajili yako. Lala usingizi, mwanangu."

Queen akajifunika uso kwa kanga. Goreth akampapasa mgongo, moyo wake umejaa. Huyu mtoto anaogopa bure, akawaza. Hajui kama Redio imezimwa.

Wiki hiyo Libérat, mwenyekiti wa jumuiya, alifunga sala akasema kama mtu anayesema jambo la kawaida: "Jumamosi ijayo kwa Mama Méthode." Hakuna aliyeguna. Wakaja, wakajaa mpaka uani. Goreth alilia kuanzia Salamu Maria ya kwanza, na Skolastika akamshika mkono mpaka rozari ikaisha.

Siku ya sendofu ya Queen ukumbi wa Majengo ulifurika. Lyamba alikaa mbele ndani ya suti, anajifuta jasho, mzee Silvesta pembeni yake anacheka hata pasipo na cha kuchekesha. Queen akawalisha keki wazazi, akawalisha mashangazi. Kisha akamnong'oneza MC.

"Jamani, bado mtu mmoja!" MC akatangaza. "Bibi harusi wetu mtarajiwa anamtaka Mama Méthode. Yuko wapi Mama Méthode?"

Vichwa vikageuka kumtafuta. Halafu Skolastika akapiga kigelegele, na wote wakamfuata.

"Redio hoyee!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na kwa mara ya kwanza jina lile lilimkaa Goreth vizuri. Akapita katikati yao, wanamshika mabega, wanampisha. Hajawahi kupishwa.

Queen akamlisha kipande cha keki. Akamkumbatia kwa nguvu, makofi yakalipuka, na yeye akaegemeza mdomo kwenye sikio la Goreth.

"Mimba sina, na sijawahi kuwa nayo," akanong'ona. "Nilikuwa na njia moja tu ya kumkwepa huyu mzee Lyamba, na njia yenyewe ilikuwa wewe."