Zamu ya Makeke

Walikuwapo nguchiro, na juu yao alikuwapo kipanga. Kwa hiyo kila walipoinama kula, mmoja wao alipanda kichuguu kuchunga anga, na alipopiga kelele wote walikimbilia shimoni. Kazi hiyo ilikuwa ya Makeke, mwenye macho makali kuliko wote.

"Macho ni yako, shibe ni ya Mzee Fundo," mkewe Siwema alimwambia. "Kila siku wewe unakula makombo."

"Yeye ndiye mkubwa wetu."

"Fumba mdomo mara moja tu, mkubwa utakuwa wewe."

Asubuhi moja Makeke alimwona kipanga anashuka, akanyamaza. Mzee Fundo akanyakuliwa, panzi angali mdomoni mwake, na Makeke akashika nafasi yake ya ukubwa.

Alipoinama kula, shingo ilimsisimka. Nani yuko juu ya kichuguu? Akamfukuza mlinzi wa kwanza, akamfukuza na wa pili, mwisho akampandisha Siwema. Hapo hofu ikamzidi, maana Siwema peke yake alijua ukimya unavyoua. Makeke akawa hali tena, anamkodolea mkewe macho.

"Kipanga!" Siwema akapiga kelele. "Kimbia, baba!"

Wote wakatumbukia shimoni isipokuwa Makeke. Aliwaza: ananikimbiza niingie humo, na humo ameniwekea nani?

"Tazama juu, mume wangu!"

"Sikuondolei macho, Siwema," akasema Makeke, na kivuli kikamfunika.