Shuka la Ugeni

Mambo yaliharibika Jumatano, siku ya tatu baada ya Idi, saa nane mchana, gari la mkubwa aliyekuja kukagua hospitali lilipotoka tu getini.

"Haya Chande, kusanya mashuka," matroni alimwambia mhudumu wake wa wodi. "Yanarudi stoo mpaka ugeni mwingine."

Mke wa Chande alifia wodi hiyo hiyo, juu ya godoro la mpira lisilo na shuka. Siku ile Chande aliwalaani wakubwa wote. Leo mikono iliyovua mashuka ilikuwa yake.

Kwenye kitanda cha mwisho alilala Bi Nyamizi. Shuka lake lilikuwa kavu, mikunjo ya dukani bado imesimama. Kikombe cha chai kilikuwa kimejaa tangu asubuhi. Alikataa kunywa, asije akalilowesha shuka.

Chande alimgeuza ubavu, akavuta. Bibi akaling'ang'ania pembe kwa vidole viwili.

"Ni amri ya wakubwa, mama."

Ndiyo maneno aliyoambiwa yeye siku ile mkewe alipofariki.

Bibi akaachia, akamtazama usoni bila hasira.

"Mwanangu, kwani nimelichafua?"