Kachumbari ya Jumapili

Tangu visu vya jiji letu vianze kulegea vinapohisi moyo wa aliyevishika unadunda kwa hasira, wageni huijua hali ya nyumba kwa kuangalia kachumbari.

Jumapili mume wangu aliwaita wajumbe wa mtaa wajadili namna ya kumaliza kabisa mauaji. Mmoja alitaka taa za barabarani, mwingine alitaka polisi waongezwe. Mume wangu akasema wanawake wafundishwe kunyamaza, ndipo waume watulie.

Nilimsikia nikiwa jikoni, na kisu kikajikunja kama ganda la ndizi. Basi nikawapelekea pilau na nyanya nzimanzima. Walicheka mpaka wakapaliwa.

"Baba Nakijwa, umeshamuudhi mama!" alisema mwenyekiti.

"Mke wangu, hebu kajaribu tena," mume wangu alinibembeleza huku akicheka.

Nikarudi jikoni nikicheka nao. Hasira ilikuwa palepale, ila moyo ulidunda polepole kama wa mtu aliyelala. Nikashika kisu. Kikakata nyanya nyembamba kama karatasi.

Mezani wakanipigia makofi.

"Mnaona?" alisema mume wangu akijipakulia. "Hasira zimekwisha."