Kipimo cha Ratu Manasa

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kelera alivuta pazia, akakunja mkono wa gauni lake mpaka begani, akajifunga yeye ukanda wa kupimia presha ya mumewe. Ukanda ulivimba, ukambana, ukalegea. Simu iliyokuwa mkekani ikawaka alama ya kijani, maana yake kipimo cha Ratu Manasa kimepokelewa.

"Utanipimia mpaka lini?" mzee alimtania kutoka kitandani. "Daktari ataona nimerudia ujana, aniletee mke mwingine."

"Amlete. Atanisaidia kukugeuza."

Ratu Manasa alicheka mpaka akakohoa, na Kelera akamwekea mto mgongoni.

Mashine hiyo ilitoka kwa daktari wa Suva, mji mkuu, aliyekuwa akiwaangalia wazee wa visiwa vya Lau bila yeye kupanda boti. Wiki ya kwanza Kelera alimfunga mumewe kwa uaminifu. Ndipo Litiana, mhudumu wa afya wa kijiji, alipokuja uso umemshuka. Daktari alikuwa amepiga simu. Presha ya mzee ilikuwa mbaya, na ikiendelea vile, boti ingekuja kumchukua.

Kelera aliijua boti hiyo. Shemeji yake aliipanda kwa miguu yake mwenyewe, na sasa amelala Suva, katika makaburi ya watu asiowajua. Ratu Manasa hakuwa na ombi jingine duniani ila kufia katika nyumba hii, mkewe akiwa pembeni. Miaka hamsini na miwili walikuwa hawajalala mbalimbali hata siku moja. Kelera alimwapia kwamba hakuna atakayewatenganisha, na kesho yake akatoa mkono wake.

Nani angemgundua? Nyumba nyingine zote Litiana alifunga ukanda mwenyewe. Kwa Ratu haikuwezekana. Juu ya mwili wa mzee wa ukoo wa machifu hapitishi mkono mtu yeyote ila mkewe, kwa hiyo Litiana aliishia mlangoni, akaketi chini, akauliza kama wamepima, akaambiwa wamepima. Simu yenyewe haikuonyesha namba. Wenye mashine walikuwa wameona wazee wanazisoma na kujitia hofu bure, wakaziondoa.

Tena mkono wa Kelera ulikuwa mkono wa kuaminika. Alikuwa amezaa watoto saba, alilima magimbi, alivuta nyavu na wanawake wenzake, wala hakujua kulala mchana. Ni kweli kisogo kilimuuma siku hizi, lakini nani asingeumwa kisogo akimwinua mwanamume mzima mara sita kwa siku?

Siku ya tatu ya ujanja wake kilipiga kimbunga, kikaulaza mnara wa simu. Litiana alisema wasiache kupima, simu itatunza yote mpaka mtandao urudi. Kelera akapima miezi miwili bila kuruka asubuhi hata moja. Mnara uliposimamishwa tena, simu ililia mfululizo ikituma vipimo vyote, naye akamshukuru Mungu. Sasa Suva wangeona mzee amepona, wakamsahau.

Siku ya pili yake boti ilitia nanga.

Aliyeingia alikuwa muuguzi aitwaye Mereoni, akijongea kwa magoti kama inavyopasa katika nyumba ile. Nyuma yake walikuja wanaume wawili na machela. Kelera alisimama mbele ya pazia.

"Samahani, bibi, tumekuja ghafla," Mereoni alisema. "Daktari amesoma vipimo vyote vya miezi miwili. Ametuambia tusirudi bila mgonjwa."

Hapo Kelera akajua siri imetoka. Vipimo vya mwanamke mwenye nguvu zake, ndani ya mwili wa mzee wa miaka themanini na mbili asiyeweza kusimama, daktari gani asingeshtuka? Alijilaumu kwa kutofikiria hilo mapema. Wakiifunga mashine ile kwenye mkono wa mzee mara moja tu, kila kitu kimekwisha. Aliona heri aseme mwenyewe, pengine watamwonea huruma.

"Si vyake," alisema. "Tangu kabla ya kimbunga, hata kimoja si chake. Mkono ni wangu. Nimedanganya, nalijua hilo. Nitukaneni mimi, nishtakini mnakotaka, lakini mzee wangu mwacheni afie kwake."

Mereoni alimtazama, akaitazama simu, akamtazama tena.

"Vyote, bibi?"

"Vyote."

"Hata cha leo asubuhi?"

"Nimekwambia vyote, mwanangu. Unataka nikuapie?"

Muuguzi hakumkaripia. Alimshika kiwiko kwa mikono miwili, akamkalisha mkekani polepole, akamwomba asisimame tena, hata maji ataletewa. Kutoka nyuma ya pazia Ratu Manasa aliuliza kama wageni wamekubali kwenda zao. Mereoni aliwageukia wale wanaume wawili, waliokwisha kuelekea kitandani, akawaambia warudi na machela, waitandaze hapa, miguuni pa bibi.