Biti ya Wifi

"Puh-pa! Pu-puh-pa!"

Sauti ilitoka bafuni pamoja na harufu ya sabuni. Msusi alisimama mlangoni, taulo la mumewe mkononi, akatega sikio. Alitamani iwe biti yake, mdundo alioutengeneza mwenyewe. Haikuwa. Mwanamume aliyemwoa kwa hiari yake mwenyewe alikuwa anajisugua mgongo kwa biti ya dada yake.

"Unaimba nini?"

"Ile ya dada. Imenikaa kichwani, mke wangu, haitoki."

"Na yangu?"

Mume akafungulia maji zaidi kwanza.

"Yako nayo nzuri," akasema. "Imenyooka."

Msusi akaliweka taulo sakafuni, pale ambapo mkono wa mtu aliyelowa haufiki, akaenda zake.

Hebu pima mwenyewe uchungu wa huyu mama. Ni yeye aliyeota kutengeneza midundo ya hip-hop, siku zote alizokuwa akisuka huku redio ya saluni inapiga. Ni yeye aliyetafuta darasa kwenye studio moja, akajiandikisha. Wifi yake alikuja kumsindikiza tu, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimempumzisha na nyumbani kulimchosha. Kiti kilikuwa kitupu, mwalimu akasema kaa, akakaa. Basi msindikizaji akaolewa, bibi harusi akabaki ameshika shada.

Somo lenyewe halikuwa gumu. Kwenye skrini kuna safu za vyumba vidogo kama madirisha ya ghorofa. Ukibofya chumba, ngoma inalia hapo. Safu ya chini ni kiki, ile inayokugonga kifuani. Ya kati ni snea, inalia kama kofi. Ya juu ni haihati, inachakarisha kama ufagio mpya. Ukikosea, kuna kitufe cha kunyoosha: kila pigo linarudi kwenye mstari wake. Msusi alikipenda kitufe hicho kuliko vyote. Mkono wake ulizoea kugawa njia kichwani, na njia ikipinda mteja anarudi na kelele.

Wifi naye alinyoosha kama alivyofundishwa, lakini biti zake zilikuwa na sukari fulani. Mwalimu, kijana wa kofia isiyovuliwa, akipita nyuma ya msusi alisema, "Safi." Akifika nyuma ya wifi, alisimama. Na mwanamke yeyote anajua tofauti ya kupitwa na kusimamiwa, hata kama kinachotazamwa ni biti.

Kisha ikatangazwa kwamba Jumamosi angekuja rapa mmoja anayechipukia kusikiliza kazi za darasa zima. Angechagua biti moja arekodi juu yake, na mwenye biti angebaki studio kama msaidizi wa mwalimu. Mmoja tu.

"Itakuwa yako, wifi," akasema wifi.

"Acha kunichimba."

"Nani anakuchimba? Mimi hata kuizima hii mashine sijui."

Ndivyo wanavyosema wanaojua.

Ijumaa wifi alitoka kwenda msalani. Wengine walikuwa wamevaa hedifoni, kila mtu na kelele zake. Msusi akavuta kiti, akaifungua biti ya wifi yake, akaanza kazi. Kila snea aliirudisha nyuma kidogo, ichelewe kama mtu anayeburuta ndala. Haihati akazisukuma huku na kule, zikakaa kama meno ya mtoto. Kitufe cha kunyoosha hakukigusa ng'o. Akahifadhi, akarudi mahali pake, akajifanya anasikiliza. Hakuwahi kufurahi hivyo tangu siku wifi alipojaribu kujisuka mwenyewe.

Wifi akarudi, akavaa hedifoni, akabonyeza. Akainamisha kichwa. Akabonyeza tena. Kisha akatabasamu peke yake, akafunga kila kitu.

Hata hajasikia! Msusi akauma mdomo asicheke. Masikio mengine ni ya kuning'inizia hereni.

Jumamosi biti ya msusi ilipigwa mapema. Ikapita moja kwa moja kama askari kwenye gwaride. "Safi," akasema rapa, na tangu hapo msusi akalichukia neno hilo. Ikaja zamu ya wifi. Msusi akauandaa uso wa kutoa pole.

Kiki ikagonga. Snea ikachelewa, ikachelewa tena, kama mwanamke anayejua kwamba anasubiriwa. Rapa akaacha kutafuna chingamu. Shingo yake ikaanza kwenda, bega likafuata. Akaanza kughani papo hapo, na darasa zima likasimama.

"Hii haitembei," akapiga kelele, "hii inaringa! Nani kaifanya?"

Mwalimu akavua kofia. Chini yake kulikuwa na upara, lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuutazama. "Mimi nawafundisha kunyoosha. Huko kupinda umekutoa wapi?"

"Mkono uliteleza tu, mwalimu," akasema wifi, macho chini.

Msusi alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Kwenye ncha ya ulimi alikuwa na neno moja, "mimi," lakini lisingetoka bila kumvuta mwenzake, "nilitaka kumharibia." Akayameza yote mawili, nayo hayakuwa matamu.

Watu walipokwisha kutawanyika, wifi alimshika mkono kwenye korido.

"Wifi yangu, wanataka nyingine Jumatatu. Nimeshaipanga, lakini imenyooka mno, haina raha." Akausukuma mlango wa darasa. Ndani hamkuwa na mtu. "Nimeiacha wazi kwenye mashine. Ingia, mimi nakusubiri hapa nje."