Upande wa Uso Ulionuna

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshawaomba watu: wageni wa wilaya wakija kupima huduma za zahanati, wote wasimame kwenye picha ya uso unaocheka, ya walioridhika, si ile ya uso ulionuna, iliyowekwa ng'ambo ya uwanja.

Swali la huduma za uzazi lilipoulizwa, umati ukasogea kwenye uso unaocheka, makoti yakiwa bado na umande wa milima ya Ileje. Kwenye picha ya uso ulionuna akabaki mama mmoja tu, aliyejifungulia barabarani akamzika mwanawe. Pindo la kanga kaling'ata.

Tabita, muuguzi wa zahanati ile, akainuka kwenye kiti cha mbele. Akavuka uwanja, akasimama naye bega kwa bega.

"Sista! Unaiaibisha zahanati yako mwenyewe?" mwenyekiti alifoka.

"Nasema kweli, mwenyekiti. Siku mama huyu alipokuja kujifungua nilikuwa peke yangu, dawa ya kuzuia damu hakuna, gari la wagonjwa hakuna. Nikamwambia atembee hadi hospitali ya wilaya."

"Utahamishwa!"

"Nihamisheni. Lakini andikeni kwanza."

Mgeni mwenye kalamu alimtazama mwenyekiti, asiandike kitu.

Ndipo katika umati bibi mmoja akajifunga kanga kiunoni, akaanza kuvuka uwanja.